Je, Mtoto Azamie kwa Mtungi wa Hewa?

Katika fukwe zetu, kama vile Nungwi, Mafia, Diani na Watamu, zipo shule zinazofundisha kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Baadhi ya wazazi huuliza: je, mtoto mdogo aweza kujifunza jambo hilo bila kuhatarisha maisha yake?

Tuanze na tofauti moja kubwa. Mtoto wa pwani anayepiga mbizi huvuta pumzi juu ya maji, huibana, huzama, kisha huibuka na hewa ile ile aliyoingia nayo. Mwenye mtungi huvuta hewa akiwa chini, mahali ambapo maji yanaigandamiza. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Akipanda huku amebana pumzi, hewa hiyo hupanuka na kuweza kupasua mapafu. Hata kina cha mita moja na nusu chatosha kumdhuru. Basi, mazoea yasiyomdhuru mpiga mbizi wa kawaida yaweza kumwua mwenye mtungi. Na mtoto anaposhtuka, hufanya hivyo hasa: hubana pumzi na kukimbilia juu.

Tena, mwili wake bado unakua. Njia ya hewa kati ya sikio na koo ni nyembamba na huziba upesi kwa mafua, hivyo kiwambo cha sikio chaweza kupasuka. Mwili mdogo pia hupoteza joto haraka majini.

Shirika la PADI, linalotoa vyeti vya uzamiaji duniani, lilishusha umri wa kupata cheti kutoka miaka 12 hadi 10 mwaka 2000. Hata hivyo, mtoto wa miaka 10 au 11 haruhusiwi kupita mita 12, na lazima afuatane na mwalimu, au na mzazi au mlezi mwenye cheti. Wa miaka 8 hujaribu tu pamoja na mwalimu, katika kina kisichozidi mita 2.

Tunawashauri wazazi hivi:

1. Aliye chini ya miaka 10 asizamie baharini kwa mtungi. Afundishwe kwanza kuogelea vizuri.

2. Aliyefikia umri huo apimwe na daktari. Mwambieni bila kuficha kama mtoto ana pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au wa masikio.

3. Akiwa na mafua, asizamie siku hiyo.

4. Atake mwenyewe. Akisema anaogopa, asilazimishwe wala asichekwe.

5. Baada ya kuzamia asipande ndege mpaka zipite saa 18.

Ndugu wazazi, kutimiza miaka 10 si ruhusa peke yake. Mtazameni mtoto wenu: je, hutii maagizo, na hutulia anapopatwa na hofu? Kama bado, na angoje. Uhai wake ni amana tuliyopewa na Mungu. Bahari ipo na itakuwapo. Mtoto na akue kwanza.