Vibao vya Majina Si Vyuma Chakavu

Mwaka wa 2021, baraza la Westminster jijini London lilipeleka mnadani vibao vyake vikuukuu vya majina ya barabara. Kimoja, cha Abbey Road, kilinunuliwa kwa zaidi ya pauni 30,000, maana wapenzi wa muziki wa Beatles duniani kote wanaijua barabara hiyo. Je, serikali zetu za kaunti nazo zifanye mnada wa vibao vyao vilivyochakaa?

Kabla ya kujibu, tukumbuke kwamba hapa kwetu vibao huuzwa tayari, ila huuzwa usiku. Mwizi huking'oa kibao pamoja na nguzo yake, akakipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye hulipa kwa kilo na hasomi kilichoandikwa. Tuna sheria ya biashara hiyo tangu mwaka wa 2015. Mnamo Januari 2022, baada ya nguzo za nyaya kuu kuanguka na taifa kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara yenyewe kwa miezi kadhaa. Hasara ya umeme ilionekana siku hiyo hiyo. Hasara ya jina haionekani upesi.

Wapo watakaosema kibao ni bati tu. Basi na watueleze yaliyotokea Kileleshwa, Nairobi, mwaka wa 2021. Barabara iliyoitwa Dik Dik Gardens ilipopewa jina la kiongozi wa wafanyakazi, Francis Atwoli, kibao kipya kilikatwa na kuchomwa moto. Hakuna anayelikasirikia bati. Watu hubishania jina, na kibao ndicho mwili wa jina.

Wazee wetu walilifahamu hilo baada ya Uhuru. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Hardinge Street ikampa nafasi shujaa Kimathi. Government Road ikaja kuitwa Moi Avenue, nako ndiko liliko jumba la Nyaraka za Taifa. Kuyaondoa majina ya watawala barabarani kulikuwa haki. Lakini kuliondoa jina barabarani ni jambo moja, na kuupoteza ushahidi kwamba liliwahi kuwapo ni jambo jingine. Mwanafunzi atajuaje tulichokikataa ikiwa hakuna mahali anapoweza kukiona?

Kwetu Kenyenya hatuna Abbey Road, na sidhani kuna mgeni atakayevuka bahari kuja kununua bati letu. Hata hivyo, mwanaisimu huona utajiri katika vibao vya Gusii. Tazama majina haya: Kenyenya, Keroka, Keumbu, Kebirigo. Yote yanaanza kwa K. Kisha tazama Gesima, Gesusu, na Getembe, jina ambalo wenyeji huuita mji wa Kisii. Haya yanaanza kwa G. Kiambishi awali ni kile kile, ila sauti imegeuka. Konsonanti inayofuata ikiwa sighuna, kama vile t au s, k ya kiambishi hulainika ikawa g. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, nayo hupatikana katika lugha kadhaa za Kibantu. Mtoto wa Kenyenya huitii kila siku bila kufundishwa na mtu.

Sasa soma jina Kitutu, kama linavyoandikwa rasmi katika Kitutu Chache na Kitutu Masaba. Mwenyeji husema Getutu, sawasawa na kanuni. Maandishi rasmi yamekwenda njia yao, na ulimi wa wenyeji njia yake. Kila kibao cha zamani, basi, ni ushahidi wa jinsi jina lilivyoandikwa wakati fulani, na wa nani aliyekuwa na mamlaka ya kuliandika. Kikiyeyushwa, ushahidi umekwisha.

Jibu langu ni kwamba vibao vinaweza kuuzwa, lakini si kabla ya mambo matatu kutimizwa. Kwanza, kila kibao kinachoondolewa kipigwe picha, na tahajia yake, mahali pake na tarehe ya kuondolewa viandikwe. Pili, kibao kimoja cha kila jina kihifadhiwe katika maktaba au shule iliyo karibu. Tatu, vinavyobaki viuzwe hadharani kwa hati yenye mhuri; bila hati, kila mwizi atadai alinunua mnadani. Fedha zitakazopatikana zinunue vitabu.

Walimu wenzangu na wanafunzi wasingoje kaunti. Katiba ya mwaka wa 2010 inaiagiza dola ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi, lakini dola haiwezi kulinda isichokijua. Darasa moja la shule ya upili, likiwa na daftari na kalamu, linaweza kuzunguka tarafa yake na kuandika kila jina jinsi lilivyo kibaoni, na kando yake jinsi mzee wa kijiji anavyolitamka. Mahali maandishi na matamshi yanapotofautiana, hapo pana somo la sarufi na somo la historia kwa pamoja.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Majina ya nchi yetu ni mali. Daftari liko wapi?