Kronografu: Saa Inayopima Mwendo wa Risasi ya Bunduki ya Upepo

Ukienda kusoma Uingereza ukajiunga na klabu ya kulenga shabaha ya chuo, kuna jambo litakushangaza mapema. Watu wazima wanabishana kuhusu mita tatu au nne kwa sekunde kana kwamba ni Simba na Yanga. Ubishi huo si wa bure. Kwa sheria ya England na Wales, bunduki ndefu ya upepo ikiwa na uwezo wa kutoa risasi yenye nishati inayozidi futi-pauni 12 mdomoni mwake, yaani kama jouli 16.27, hiyo tayari ni silaha ya kuombewa cheti polisi. Bastola ya upepo kikomo chake ni nusu ya hapo, futi-pauni 6. Ukikutwa na iliyozidi na cheti huna, ni kosa la jinai, na kwa mwanafunzi mgeni mwenye viza hiyo kesi si ya kuichezea. Scotland wao wamekaza zaidi: tangu 31 Desemba 2016 hata iliyo chini ya kikomo inahitaji cheti.

Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha kuchomeka mdomoni mwa bunduki kikakusomea jouli. Unachoweza kupata ni vitu viwili: tungamo la risasi, ambalo mizani ndogo au maandishi ya kopo yatakupa, na mwendokasi wake. Kisha unarudi kwenye ile kanuni ya shuleni: nusu ya tungamo mara mwendokasi kipeo cha pili. Kupata huo mwendokasi ndiyo kazi ya kronografu.

Tuchukue mfano. Risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa greni 8.44 ni kama gramu 0.547. Ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde, nishati yake ni jouli 15.75. Uko salama. Sasa rafiki yako anakupa kopo la risasi nzito, greni 10.34, sawa na gramu 0.67. Unapiga, mwendo unashuka hadi 224, nawe unafurahi kwamba bunduki imepoa. Piga hesabu: jouli 16.8. Umeshavuka kikomo na hujagusa hata skrubu moja. Bunduki zenye chupa ya hewa iliyoshindiliwa zina tabia hii hasa, nishati yake hupanda risasi ikiwa nzito. Zile za springi mara nyingi huwa kinyume, hupenda risasi nyepesi. Na sheria inaangalia bunduki *inaweza* kutoa nini. Kwamba wewe unapendelea kopo lipi, hilo ni lako. Kwa hiyo anayepima kwa risasi ya aina moja tu amepima nusu ya jambo.

Kifaa chenyewe ni rahisi kuliko jina lake. Kronografu ya kawaida ina macho mawili ya mwanga, tuseme sentimita 30 kutoka moja hadi jingine. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza, kivuli chake kinaanzisha saa. Ikipita la pili, saa inasimama. Kwa mita 240 kwa sekunde, safari hiyo ni milisekunde 1.25. Wengi hudhani ugumu uko kwenye saa. Wala. Saa ya kielektroniki inayohesabu mikrosekunde inakosea chini ya asilimia 0.1 hapo, na hata saketi za bei nafuu siku hizi zinafika huko. Penye mashaka ni umbali. Macho yakiwa yamesogea milimita 3 tu kutoka pale kiwanda kilipodhani yapo, kosa ni asilimia 1 ya mwendo, na kwa kuwa mwendo unazidishwa kwa wenyewe, ni karibu asilimia 2 ya nishati. Rudi kwenye mfano wetu: kosa la asilimia 2 ya mwendo linatosha kukutoa jouli 15.75 hadi 16.4. Ndiyo maana ukinunua, cha kwanza kusoma ni kiwango cha usahihi anachokitaja mtengenezaji. Rangi na programu ya simu zitafuata baadaye. Na fremu inayokunjwa iwe imara. Ikilegea kwenye bawaba, iache dukani.

Macho ya namna hii yanahitaji mwanga uliotulia. Mawingu meupe ya Uingereza, ambayo sisi tunayalalamikia, kwa kronografu ni neema. Jua kali linahitaji vile vifuniko vyeupe vya plastiki juu ya macho. Ndani ya ukumbi, taa za tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hetsi 50, na kifaa kinaweza kukusomea namba za ajabu au kisisome kabisa. Hapo tafuta chenye taa zake za infraredi. Vipo pia vidogo vinavyofungwa mdomoni mwa bunduki, kama Combro, ambavyo havijali anga. Vya rada, kama LabRadar na Garmin Xero, unaviweka pembeni tu, risasi haipiti ndani yake kwa hiyo huwezi kukipiga kifaa chako mwenyewe. Bei yake lakini si ya boom. Kwa maoni yangu, mwanafunzi asinunue. Klabu inunue kimoja kizuri, wote wakitumie.

Unapopima, mdomo wa bunduki ukae kama nusu mita kutoka jicho la kwanza: karibu mno, pumzi ya hewa inaweza kuanzisha saa kabla ya risasi. Piga sambamba na fremu. Ukikata kwa pembe ya digrii 5, njia inarefuka kwa asilimia 0.4 na namba inatoka ndogo kuliko ukweli, yaani inakudanganya upande ule ule wa hatari. Piga risasi 10, andika zote, tafuta wastani na mtawanyiko, lakini kwa habari ya sheria uangalie ile ya juu kabisa. Nyuma kuwe na kizuizi cha kweli, na miwani usoni.

Asiye na kifaa ana njia ya zamani. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza pendulamu ya kupima mwendo wa risasi: unaning'iniza gogo, risasi inazama ndani, unapima lilivyobembea. Kwa risasi yetu ya gramu 0.547 na kipande cha gramu 500 chenye udongo wa kufinyangia mbele, kikining'inia kwenye uzi wa mita 1, kinapanda milimita 3.5 tu, jambo gumu kulipima. Usipime kupanda. Pima kilivyosogea kwenda nyuma: ni kama sentimita 8.4, ambazo rula ya shule inazisoma bila taabu.