Ukatoliki wa Nyumba kwa Nyumba Nyegezi

Nyegezi ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kiasi cha kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, kando ya ghuba ya Ziwa Victoria. Wasukuma ndio wengi, lakini wamechanganyika na Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya na wengine waliofuata samaki, biashara au masomo. Hapa pana stendi ya mabasi ya mikoani, chuo cha uvuvi, Seminari ndogo ya Mtakatifu Maria na, upande wa Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Katika mchanganyiko huo Mkatoliki hujulikana kwanza kwa majirani zake, ndipo ajulikane kwa padri. Na sehemu kubwa ya maisha yake ya imani hupitia mikononi mwa majirani hao.

Mizizi ya desturi hiyo ni ya zamani kuliko kata yenyewe. Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la Mapadri Weupe, walivuka ziwa mwaka 1879 wakitokea Kageye, pwani ya kusini, kwenda Buganda. Mwaka 1883 walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Nyegezi, katika Wilaya ya Misungwi ya leo. Mapadri walipofukuzwa Buganda mwaka 1888, Bukumbi ndipo palipokuwa kimbilio lao. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba anayetaka kubatizwa afundishwe na kupimwa kwa miaka minne. Mapadri walikuwa wachache na vijiji vilitawanyika, kwa hiyo kazi ya kufundisha na kushuhudia mwenendo wa mtu iliwaangukia makatekista, watu wa hapohapo waliojua nani ameacha ugomvi na nani bado anakwenda kwa mganga usiku. Muda wa mafundisho umepungua sana tangu siku hizo. Wazo la kwamba sakramenti hupewa mtu anayejulikana anakoishi halijapungua.

Nyegezi yenyewe ilipata nafasi ya pekee mwaka 1960, Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alipoanzisha hapo kituo cha mafunzo ya jamii. Tanganyika ilikuwa inakaribia uhuru, na askofu huyo aliona kwamba walei wangehitaji ujuzi wa kuendesha nchi na Kanisa: uhasibu, uongozi, uandishi wa habari. Kituo kikawa chuo, na mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likakigeuza kuwa chuo kikuu. Ndiyo maana Nyegezi mvuvi wa dagaa na mhadhiri wa sheria wanaweza kukaa mkeka mmoja wakisoma Injili ileile.

Mkeka huo ni wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, moyo wa utaratibu wote. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya shirikisho lao, AMECEA, ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kaya chache za jirani zinazokutana mara kwa mara, na Tanzania ililipokea agizo hilo kwa moyo mkubwa. Kila jumuiya ina mtakatifu wake, anayeitwa somo. Sikukuu ya somo huadhimishwa kwa Misa, wali na nyama, na mara nyingi watoto hucheza hadi jioni. Mkutano wa juma huzunguka nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba hutandika mkeka na kupanga viti uani, huweka msalaba na mshumaa juu ya meza yenye kitambaa safi, naye huwa mwenyeji hata kama nyumba ni chumba kimoja cha kupanga. Huimbwa wimbo, husomwa Injili ya Jumapili inayokuja, hufuata kimya, kisha kila mmoja hueleza neno lililomgusa. Mama asiyejua kusoma huisikia Injili ikirudiwa, na mara nyingi maneno yake ndiyo hukumbukwa wiki nzima.

Baada ya sala huja mambo ya mtaa. Nani amelazwa hospitali ya Bugando, nani amejifungua, nani ameibiwa nyavu, mtoto wa nani amefaulu na hana ada. Hutolewa mchango, hupangwa zamu ya kumtembelea mgonjwa na kumchotea maji. Mwenyekiti na katibu wana daftari, na daftari hilo lina uzito: anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika kwa Misa huulizwa kwanza anasali jumuiya gani. Utaratibu huu humlinda padri asidanganywe na humlinda muumini asisahaulike, lakini una hatari yake. Mjane aliyeshindwa kutoa michango kwa miezi kadhaa anaweza kuona aibu, akaacha kuja, na siku ya msiba watu wakaanza kuhesabu madeni badala ya kulia naye. Jumuiya iliyo hai humfuata mtu huyo mapema, wakati anapoanza kukosekana, na kumwambia waziwazi kwamba sala haina kiingilio.

Kazi ya ziwani nayo hupanga ibada. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa wakati wa giza, kwani mbalamwezi huwatawanya. Katika majuma ya giza wanaume hurudi mwaloni, yaani forodha ya wavuvi, alfajiri wakiwa hoi, na wanawake huwa wanaanika dagaa juani. Mahudhurio ya sala hushuka. Mwezi unapokuwa mkubwa watu hupumzika, hushona nyavu, na ndipo jumuiya za karibu na mwalo hujaa. Katekista anayeijua kazi hiyo hupanga mafundisho ya wachumba na ya Kipaimara kwa kuangalia mwezi.

Nyumbani imani huonekana katika mambo madogo. Wakatoliki husalimiana “Tumsifu Yesu Kristo”, na jibu ni “Milele, amina”. Mtoto hufundishwa salamu hiyo sambamba na shikamoo. Ukutani huwa na msalaba au picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na tawi la mtende la Jumapili ya Matawi hubaki nyuma yake hadi mwaka unaofuata. Kwa Wasukuma majina ya kuzaliwa hayakufutwa na ubatizo. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata, na Mabula ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Watoto hao hubeba pia majina ya watakatifu, na bibi huita jina analolipenda. Redio huendelea kufundisha jikoni: Radio Maria, iliyoanza kurusha matangazo nchini mwaka 1996, husikika katika nyumba nyingi, na rozari yake hufuatwa na mama anayepepeta mchele.

Mwaka wa Kanisa huupa mtaa mwendo wake. Wakati wa Kwaresima jumuiya husoma Ujumbe wa Kwaresima, kijitabu cha maaskofu kinachotolewa kila mwaka, na Ijumaa hufanyika Njia ya Msalaba. Mei na Oktoba rozari huhama nyumba hadi nyumba jioni. Tarehe 3 Juni wapo wanaosafiri hadi Namugongo, Uganda, kuwaadhimisha mashahidi waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 na kutangazwa watakatifu mwaka 1964. Kwa watu wa ziwa hao ni kama ndugu wa upande wa pili wa maji. Karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu huja sherehe ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Canada, aliunganisha maandamano ya Ekaristi na mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Kanisa alilojenga huko lina alama za utemi wa Kisukuma. Ushahidi wa Bulabo ni mzito: ngoma, iliyowahi kutazamwa kwa mashaka na wamisionari wengi, ilipewa njia ya kumsifu Mungu bila kuacha kuwa ya Wasukuma. Novemba ni mwezi wa marehemu. Makaburi husafishwa na majina ya wafu husomwa kanisani, na katika familia nyingi za Mwanza hutajwa waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996.

Hapo kwa wafu ndipo imani na mila za kale hukutana kwa karibu zaidi. Msukuma alifundishwa kuwaheshimu masamva, yaani mizimu ya ukoo, na kuwajengea vibanda vidogo uani. Mkatoliki huendelea kuwakumbuka wazee wake, ila huwaombea kwa Mungu badala ya kuwatambikia. Tofauti hiyo haieleweki kwa urahisi pale mtoto anapougua na shangazi anashauri kuku apasuliwe ili mfumu, yaani mganga wa ramli, asome chanzo cha ugonjwa. Kumkatalia shangazi ni kazi ngumu kuliko kujibu swali la katekisimu, maana kukataa kunaweza kuhesabiwa kuwa dharau kwa ukoo. Wengi hushindwa hapo. Hupeleka mtoto hospitali mchana na kwa mfumu usiku. Jumuiya hufanya jambo la maana inapokwenda nyumbani humo kusali, kuchangia dawa na kukaa na familia mpaka hofu ipungue.

Hofu ikiachwa huua. Kanda ya Ziwa imewahi kushuhudia vikongwe wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa miaka mingi wa kupikia, na tangu mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliyochochewa na waganga waliouza ndoto za utajiri. Katika mazingira hayo kuitetea imani ni kusimama kati ya bibi na umati, na kumpeleka mtoto mwenye ualbino shuleni akiwa ameshikwa mkono.

Kuna pia utetezi wa maneno. Nyegezi Wakatoliki huishi na Waislamu, Waadventista Wasabato, waumini wa Africa Inland Church na Wapentekoste, mara nyingi ndani ya nyumba moja ya kupanga. Maswali ni yaleyale: kwa nini sanamu, kwa nini kumwambia padri dhambi, kwa nini Jumapili na siyo Jumamosi, kwa nini kumbatiza mtoto asiyejua lolote, kwa nini Maria. Kwa muda mrefu wengi walijibu kwa kukasirika au kwa kunyamaza, kwani mafundisho yao yalikoma siku ya Kipaimara. Ndiyo sababu vyama vya kitume vina kazi kubwa: WAWATA, umoja wa wanawake ulioanza mwaka 1972, VIWAWA kwa vijana, Legio ya Maria, na TMCS kwa wanafunzi wa vyuo. Wanafunzi wa SAUT wakisoma Biblia na Katekisimu pamoja, swali la Msabato huacha kuwa tusi, likawa sababu ya kufungua kitabu.

Jaribio gumu zaidi la utetezi huo ni ndoa ya mseto. Kijana Mkatoliki akimpenda binti wa dhehebu jingine, familia mbili hukaa na washenga kuzungumzia mahari, na swali la dini huwekwa mezani mapema. Kanisa hutoa kibali, na mhusika Mkatoliki huahidi kulinda imani yake na kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo. Mwenzake hufahamishwa ahadi hiyo, na halazimishwi kubadili dhehebu. Matangazo husomwa kanisani Jumapili tatu. Baada ya harusi jumuiya huwatembelea maharusi nyumbani, na mke asiye Mkatoliki huwapokea wageni, akakaa nao mkekani au akaendelea na shughuli zake, kama atakavyo.