Bloki Kubwa au Bloki Imara? Niliyoyasikia kwa Mafundi wa Thika na Ruiru

Msomaji atakayeiona anwani hii huenda akauliza mtunga mashairi ameingiaje kwenye gereji yenye oili na vumbi. Jawabu langu ni jepesi. Shairi lina mizani, na injini nayo ina mizani yake. Atiaye silabi ya tisa mahali pa nane huuharibu mshororo, na atiaye nguvu za farasi 300 mahali palipojengewa 160 huvunja chuma. Lakini mshororo ukiharibika hucheka watu. Chuma kikivunjika gari likiwa mbioni, hulia watu.

Thika na Ruiru ni miji jirani katika kaunti ya Kiambu. Ruiru inajulikana kwa kahawa, kwani ndipo kilipo kituo cha uchunguzi kilichotoa mwaka 1985 ile mbegu mseto iitwayo Ruiru 11. Thika nayo ni mji wa viwanda. Mwaka 1974 kilianzishwa huko kiwanda cha kuunganisha magari cha Leyland, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mwaka 2016 Volkswagen walirudi kuunganisha gari lao la Polo Vivo hapo hapo. Kisha mwezi wa Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Thika, pana na laini, ambayo kijana mwenye gari lenye nguvu akiiona hujiwa na mawazo. Kwa hiyo mtu asistaajabu kuwa gereji za upande huo zimejaa vijana wanaozungumza habari za injini kama vile sisi wa pwani tunavyozungumza habari za mpira na siasa.

Mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya kazi kiwandani huko Thika. Gari lake ni Subaru Impreza ya tabo, iliyokwisha tumika Japani kabla ya kuja kwetu. Injini yake ni ya lita mbili, na ilikuwa imeanza kula oili na kutoa moshi, basi haikuwa na budi kufunguliwa. Na hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo kila mpenda mbio huliuliza: maadamu injini inafunguliwa, kwa nini isirudi kubwa zaidi? Alikuwa amekwisha pata bloki ya lita mbili na nusu, iliyotolewa katika gari aina ya Legacy lililogongwa kwa nyuma, kwa bei nafuu. Fedha alizokuwa nazo ni akiba ya miaka miwili, na sehemu yake alikuwa amemwahidi mama yake kwa ajili ya kuezekea upya nyumba yao Mombasa. Aliniambia, "Mjomba, twende Ruiru unisikilizie maneno ya fundi. Wewe una sikio la kupima." Nikamfuata.

Kwanza tuelewane bloki ni nini. Ni lile pande kubwa la madini lenye matundu ya silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Na kwa Subaru silinda zimelazwa ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Ukubwa wa injini ni ujazo wa matundu hayo, na hesabu yake haimshindi mtu aliyewahi kufunzwa kugawa mirathi. Chukua upana wa tundu, tafuta eneo la duara lake, zidisha kwa urefu wa mwendo wa pistoni, kisha zidisha kwa idadi ya silinda. Injini iitwayo EJ20 ina upana wa milimita 92 na mwendo wa milimita 75. Kwa silinda nne jumla yake ni sentimita za ujazo 1,994, ndizo mafundi wanazoziita sisi elfu mbili. EJ25 ina upana wa milimita 99.5 na mwendo wa milimita 79, na jumla yake ni 2,457. Ongezeko ni 463, yaani asilimia 23.

Kwa nini watu wa bara waitamani sana nyongeza hiyo? Hapa fundi alinifunza jambo ambalo sisi tuliozaliwa ufukweni hatuna haja ya kulifikiri. Injini huishi kwa pumzi. Petroli peke yake haiungui. Yataka hewa, na hewa ya Thika, mji ulio kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Injini isiyo na tabo ikiwa huko juu hukosa sehemu hiyo ya pumzi yake, na nguvu hupungua vivyo hivyo. Ile EJ25 ya sisi 2,457 ikiwa Thika hupata hewa sawa na ambayo injini ya sisi 2,100 ingeipata Likoni. Waama, bloki kubwa huko si anasa tupu. Sehemu kubwa ya nyongeza yake ni kulipa deni la mlima.

Lakini gari la mpwa wangu lina tabo, na tabo ni pampu. Huzungushwa na moshi unaotoka, nayo ikaishindilia hewa ndani ya silinda, basi ule upungufu wa mlimani hufidiwa kwa sehemu kubwa. Kwa gari kama hilo faida ya bloki kubwa ni nyingine: hutoa moshi mwingi mapema, tabo huamka upesi, na gari huvuta kwa nguvu tangu mzunguko wa chini bila ya kungojewa. Faida hiyo ni ya kweli, na fundi hakuificha.

Kisha akaziweka bloki mbili juu ya meza, zote mbili za lita mbili na nusu, akaniita nizitazame kwa juu. "Mzee, tia kidole hapa," akaniambia. Katika ile aliyoipata mpwa wangu, kidole changu kilizunguka silinda nzima bila kuzuiwa. Kuta za silinda zilisimama peke yake katikati ya njia ya maji, kama nguzo za gati bahari ikiwa imejaa. Katika ile ya pili, iliyoundwa kwa ajili ya gari la tabo la aina ya STI, palikuwa na madaraja ya madini yaliyozishika kuta hizo kwa juu, na kidole kikakwama. Ya kwanza hupata maji ya kuipoza kwa wepesi na inatosha kabisa kwa gari lisilo na tabo. Lakini ikishindiliwa hewa, kuta zile hutikisika, na gasketi ya kichwa ndiyo inayolipa. Wenye Subaru za lita mbili na nusu zisizo na tabo wanajua kuwa gasketi hiyo ina sifa ya kuvuja hata bila ya kuonewa.

Tena kuna jambo la nafasi. Umbali kutoka kitovu cha silinda hadi kitovu cha jirani yake ni ule ule katika EJ20 na EJ25. Ukilipanua tundu kwa milimita 7.5, basi hizo milimita 7.5 umeziiba katika ukuta unaozitenga silinda mbili. Nyumba haikuongezwa, vyumba vimepanuliwa kwa kupunguzwa kiambaza.

La tatu ni mbano, ambao mafundi huuita kompresheni. Katika ile EJ25 isiyo na tabo, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa mara kumi. Katika ile ya tabo hubanwa mara nane na kidogo tu, kwa sababu tabo yenyewe imekwisha ubana kabla haujaingia. Ukitia tabo juu ya bloki ya mara kumi, mchanganyiko utawaka kabla ya wakati wake na kuigonga pistoni kama nyundo. Hodari wengine huchukua vichwa vya lita mbili na kuvifunga juu ya bloki ya lita mbili na nusu. Nao wajue kuwa chumba cha moto kimebaki kidogo ilhali silinda imekua, hivyo mbano hupanda zaidi isipokuwa pistoni zibadilishwe. Na kompyuta ya gari haijui kuwa injini imebadilika. Itaendelea kupima petroli ya lita mbili mpaka ifunzwe upya na mtu ajuaye kazi yake.

Mpwa wangu, kama vijana wote, alikuwa na dalili zake kutoka mashindano ya Safari. Nami nikamjibu kwa mashindano hayo hayo, ambayo yalianza mwaka 1953 na ambayo watu wa umri wangu tuliyafuata redioni. Mwaka 1974 Joginder Singh, Mkenya, alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya sisi 1,600, na nyuma yake akamwacha Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 yenye injini kubwa zaidi. Naye mpwa wangu akanirudishia mwaka 1978, Jean-Pierre Nicolas aliposhinda kwa Peugeot 504 ya silinda sita, lita 2.7. Sawa. Kisha mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza, na injini yake ilikuwa ya lita mbili, kama hii hii anayotaka kuitupa. Basi Safari haikumpa ushindi mkubwa kwa ukubwa wake wala mdogo kwa udogo wake. Ilimpa aliyefika.

Fundi alikuwa akisikiliza huku akijifuta mikono. Akamwambia kwa Kiswahili chao cha huko, "Bosi, hii bloki yako ni ya kutembea, si ya kusukumwa. Nikiifunga na tabo itakimbia vizuri, hata marafiki watashangaa. Halafu siku moja itapasuka, na hiyo siku wewe ndiyo utakuwa ndani, si mimi. Siifungi." Nilimstahi sana mtu yule. Aliikataa kazi ambayo angelipwa, na mbele ya mteja mwenye fedha mkononi. Mafundi wa aina hiyo hawauzwi dukani.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Bloki ya pili, ile ya STI, bei yake ingeimaliza akiba yote na ahadi ya mama juu yake. Mwisho akauliza, "Na hii yangu ya zamani, ikichongwa upya?" Wakapima silinda, wakakuta kuwa zitakubali pistoni za kipimo cha juu kidogo, na ringi mpya, na vyuma laini vya kranki. Akakubali. Kilichobaki alikigawa mafungu mawili: breki na matairi, na mabati ya Mombasa. Sikumwambia neno, maana mwenye kuamua vyema hahitaji khutuba.

Kwa vijana wengine wanaokusudia jambo hili, nitaongeza mawili ambayo katika gereji husahauliwa. Namba ya injini na ukubwa wake vimeandikwa katika hati ya umiliki wa gari. Ukibadilisha injini, shirika la NTSA ni lazima lijulishwe na gari likaguliwe, na kampuni ya bima iambiwe. La sivyo, siku ya ajali huenda ukadai malipo ya gari ambalo katika karatasi halipo. La pili, sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa hata katika barabara iliyo pana kabisa. Aliye na hamu ya kupima nguvu zaidi ya hapo aende katika mashindano, penye kofia ngumu na daktari, asiende kuzipima penye wachuuzi na wanafunzi wanaovuka.

Mabaharia wetu hawakupata kutundika tanga la jahazi juu ya mlingoti wa mashua kwa kuwa tanga limepatikana rahisi. Walitazama mlingoti kwanza, kisha mkuku, kisha wakauliza kitambaa. Atakayechagua bloki naye aanze kwa kuutia kidole ukuta wa silinda, na bei aiulize mwisho.