Paka ndani, harufu nje

Ukiishi na paka wawili nyumba ya vyumba viwili Kisauni, mgeni akikunja pua mlangoni ujue kimeumana. Mimi nilikuwa namwagia klorini penye mkojo. Kumbe mkojo una amonia, zikikutana inatoka hewa ya kuumiza kifua! Siku hizi natumia siki na maji kidogo, maana mtungi wa maji nao ni pesa. Kwenye beseni lao natia maranda ya seremala.

Kinyesi zoa kila siku. Vimelea vya toksoplasma huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, na vyaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Wifi yangu ana mimba, beseni haligusi. Anayezoa ni kaka, leso puani.