Mteja wa Mbali Ananunua Anachokiona: Picha za Vinyago, Michoro na Kanga

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee picha za bidhaa za sanaa. Mimi ni mpiga picha na kazi yangu kubwa ni kuzunguka: leo niko Mwenge kwa wachongaji, kesho Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, wiki ijayo Unguja. Nikirudi nyumbani napitia kurasa za wauzaji, nakuta mali nzuri kabisa imepigwa picha inayoidanganya. Mteja wa Mwanza analipia rangi aliyoiona kwenye simu. Mzigo ukifika tofauti anataka hela yake, na nauli ya basi, kwenda na kurudi, inakuangukia wewe.

Anza na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Mpaka leo rangi zinazotumika ni hizo za kung'aa. Kung'aa huko kunavuta mteja dukani, lakini kwenye picha ni balaa: ukipiga juani au kwa flashi unapata doa jeupe katikati ya chui. Weka mchoro barazani, kivulini, zima flashi, simu iwe sambamba na mchoro. Na uvae nguo nyeusi. Sitanii, shati jeupe linajiona kwenye ile rangi kama kwenye kioo.

Mpingo una shida nyingine. Simu ikiona kitu cheusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, kinyago kinatoka kijivu. Mteja anayejua mpingo anashtuka hapo hapo, maana wapo wanaopaka mbao nyingine kiwi wakaziuza kwa jina hilo. Gusa kinyago kwenye skrini, kisha telezesha kidole chini mpaka weusi urudi. Kama mchongaji ameacha ule ukanda mwembamba wa njano wa nje ya gogo, upige kwa karibu. Huo unamtuliza mteja kuliko maneno yako kumi.

Kanga ni rahisi: jina lisomeke lote. Watu wananunua jina kabla ya maua, halafu muuzaji anakunja doti mpaka maneno yanakatika katikati!

Sasa kuna picha ambazo wengi hawapigi kabisa, zile za maisha ya kawaida. Mikono ya fundi ikichonga, makopo ya rangi yamepangwa chini, mama anasuka ukili huku anapiga soga. Kwangu hizi ndizo tamu kuliko zote. Mteja anayeuliza "mbona bei juu hivyo?" akiona kinyago hicho hicho kikiwa bado gogo, patasi imechomekwa, mazungumzo yanabadilika. Mkono pia unaonyesha ukubwa. Vipimo andika hata hivyo, kwa sentimita.

Ila omba ruhusa kwanza, na useme wazi kwamba picha inaenda kwenye tangazo. Kusema "nakupiga tu ya kumbukumbu" halafu sura ya mtu ikatokea kwenye bei ya vikapu, hiyo si haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, usiichezee. Akikataa uso, omba mikono tu. Wengi wanakubali.

Na hili linawaponza wachapaji wa fulana: kununua mchoro si kununua haki ya kuuchapisha. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji mpaka akupe kwa makubaliano. Ukitaka twiga wake kwenye vikombe na fulana, kaeni chini, muandikiane karatasi inayosema vipande vingapi, kwa muda gani, na yeye anapata shilingi ngapi kwa kila kimoja.