Je, Wajua? Weupe wa Jani Una Gharama Yake

Hosta, mmea wa kivulini wenye asili ya Japani, Korea na China, umepewa jina la mtaalamu wa mimea wa Austria, Nicolaus Thomas Host. Aina yake ndogo iitwayo Pandora's Box haizidi kimo cha kiganja. Jani lake ni jeupe katikati na la kijani pembeni.

Sehemu nyeupe haina klorofili ya kutengeneza chakula, hivyo ukingo wa kijani ndio unaolilisha jani zima. Ndiyo maana mmea hukua polepole na jua la mchana huubabua. Upe mwanga wa asubuhi, mboji na unyevu usiotuama. Chipukizi la kijani kitupu likitokea, ling'oe mapema: lina nguvu zaidi, litaumeza weupe wote.